Ramani ya Baba na Ramani ya Mama

Leo tunaanza na kazi ndogo. Haihitaji daftari. Tafuta mahali penye mchanga au vumbi laini, chukua kijiti, uchore kijiji chenu. Weka barabara. Weka shule, zahanati, kisima, soko, ofisi ya kijiji, mashamba, na mlima wa kuni kama mnao. Ukimaliza, mwite mwenzako. Kama wewe ni mama, mwite baba. Kama wewe ni baba, mwite mama. Yeye naye achore kijiji hicho hicho pembeni, bila kutazama cha kwako.

Kisha kila mmoja achukue punje. Baba achukue mahindi, mama achukue maharagwe. Kila mmoja aweke punje moja mahali alipofika jana. Kama alifika mara nne, aweke punje nne.

Mabwana na mabibi maendeleo wengi wanalijua zoezi hili. Mara nyingi ramani hizo mbili hazifanani. Ramani ya baba huwa na barabara kubwa inayotoka nje ya kijiji. Ina ofisi, ina duka, ina kilabu, ina njia ya kwenda mnadani. Ramani ya mama ina vijia vingi vidogo ambavyo baba hakuviweka kabisa. Kijia cha kisimani, kijia cha kuni, kijia cha mashine ya kusaga, kijia cha kwa jirani anayekopesha chumvi. Na maharagwe hujaa pale kisimani mpaka yanamwagika.

Je, nani amekosea? Hakuna aliyekosea. Wote wamechora kijiji kimoja, lakini kila mmoja anakiishi kwa namna yake. Katika makala haya tunataka kueleza kwa nini mahali pamoja panakuwa pawili, na nani analipa gharama yake.

Wataalamu huliita jambo hili jinsia. Wengine wakilisikia neno hilo hudhani ni ugomvi ulioletwa kutoka mjini. Maana yake si ngumu. Jinsia ni zile kazi na ile mipaka ambayo jamii imempa mtu kwa sababu ni mwanamke au ni mwanamume. Kuzaa si jambo la kupangiwa na jamii, kuzaa ni maumbile. Lakini ndoo ya maji kukaa juu ya kichwa cha mama na siyo begani kwa baba, hayo si maumbile. Tena tazameni jambo moja. Maji yakiwa ya nyumbani, ya kupikia na kuogea, anayebeba ni mama au binti. Maji yakianza kuuzwa, mbona wanaoyabeba kwa baiskeli na mikokoteni ni vijana wa kiume? Ndoo ni ile ile. Kilichobadilika ni fedha.

TUPIGE HESABU YA MAJI

Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilisema kwamba mtu wa kijijini apate lita 25 za maji safi kwa siku. Ilisema pia kwamba kituo cha maji kisiwe zaidi ya mita 400 kutoka nyumba ya mbali, na kila kituo kihudumie watu 250. Haya si maneno mapya. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wenye shabaha hiyo hiyo ya mita 400, ili ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini awe amepata maji karibu. Mwaka 1991 ulifika, na vijiji vingi vilikuwa bado. Vingine vilikuwa vimepata pampu, lakini pampu zimekufa.

Sasa tuchukue nyumba yenye watu wanne. Watu wanne mara lita 25 ni lita 100. Ndoo kubwa ya kawaida ni lita 20. Kwa hiyo ni ndoo tano kwa siku, yaani safari tano.

Tuseme kisima kiko umbali wa kilomita moja. Kwenda na kurudi ni kilomita mbili. Mara safari tano, ni kilomita 10 kwa siku. Nusu ya mwendo huo mama yuko mtupu, na nusu amebeba kilo 20 kichwani, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Barabara ya kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma ni kama kilomita 450. Basi, kila baada ya siku 45 mama huyu amekwenda kwa miguu kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Kwa mwaka mmoja amekwenda mara nane. Na hajatoka kijijini!

Kisima kikiwa mita 400, hesabu inakuwa nyingine. Kwenda na kurudi ni mita 800. Mara tano, ni kilomita nne. Amepunguziwa kilomita sita kila siku. Kwa mwendo wa kawaida hiyo ni kama saa moja na nusu. Saa moja na nusu ni muda wa darasa la kisomo. Ni muda wa kupalilia matuta ya mboga. Ni muda wa binti kufika shuleni kabla ya kengele. Ama ni muda wa kukaa tu, kupumua. Hilo nalo ni haki ya mtu.

Lakini maisha hayafuati hesabu. Kisima kikiwa mbali, akina mama wengi hawaendi safari tano. Huenda tatu, wakabana matumizi. Na maji yakibanwa hayabanwi ya kupikia ugali. Hubanwa ya kunawa mikono na ya kuogesha watoto. Kwa hiyo kisima cha mbali hufika mpaka zahanati, kwa njia ya kuhara.

Nani huamua pampu ikae wapi? Hapa ndipo penye jambo. Fundi anakuja na gari. Anapokewa ofisini. Wanaoongozana naye kutazama mahali ni wazee na viongozi. Ni kweli fundi hutafuta maji yalipo chini ya ardhi, na maji hayafuati matakwa ya mtu. Lakini mara nyingi pana mahali pawili au patatu panapofaa, na hapo ndipo watu huchagua. Mtu ambaye ramani yake ni ya barabara atachagua karibu na barabara, ili hata mgeni akipita aone maendeleo. Mtu ambaye ramani yake ni ya vijia atauliza maswali mengine. Ule mteremko wakati wa masika unapitika ukiwa na ndoo kichwani? Kisima cha jirani mwezi wa tisa hukauka au hakikauki? Alfajiri, saa kumi na moja, binti wa miaka 12 atapita kwenye pori lile peke yake? Haya hayapimwi kwa chombo cha fundi. Yapo vichwani mwa wanaochota.

Vivyo hivyo pampu ikianza kuharibika. Wa kwanza kujua ni yule anayeisukuma kila siku. Anasikia mlio umebadilika, anahisi mpini umekuwa mzito. Kama kamati ya maji ni ya wanaume watupu, habari hiyo itawafikia pampu ikishakufa.

Tuongeze neno moja hapo. Wapo mabwana wanaolalamika kwamba wake zao hukaa sana kisimani wakisengenya. Sisi tunasema hivi. Bwana ana bao lake chini ya mwembe, na hakuna anayemtazama saa. Kisima ni mahali pa kazi, lakini pia ndilo baraza la akina mama. Hapo ndipo hupatikana habari za mgonjwa, za mbegu, za upatu, za binti aliyepigwa na mumewe. Mama asingekuwa na kazi ya maji, angepata wapi ruhusa ya kukaa na wenzake nusu saa?

NYUMBANI KWENYEWE

Twende nyumbani. Hata nyumba ina ramani. Katika nyumba nyingi za pwani, baraza la mbele ni la wanaume. Hapo huketi wageni, hupita salamu na habari za mji. Wanawake wako uani, nyuma, kwenye jiko na kamba za nguo. Bara nako utakuta viti vitatu au vinne vya wageni, na baba ana chake. Mama ana kigoda jikoni. Jiko ni mahali ambapo hakuna atakayemwuliza mama amefuata nini. Ndipo palipo pake kabisa, na ndipo penye moshi kuliko pote.

Desturi hazifanani. Kwa Wamasai mwenye kujenga nyumba ni mwanamke. Yeye ndiye anayekata fito, anayezisuka, anayekandika kinyesi cha ng'ombe na udongo. Kwa makabila mengine mengi kujenga ni kazi ya mwanamume, na mama hubaki na kusomba maji ya udongo na kukandika. Mambo yanayotofautiana hivi kutoka wilaya moja hadi nyingine hayawezi kuwa maumbile. Ni mapatano ya watu wa mahali pale.

Kilabuni ni vivyo hivyo. Mama yupo, lakini yuko nyuma ya pipa, anapima na kuosha vikombe. Wanaoketi ni wengine. Sokoni mama ana nafasi zaidi, maana fedha inapita mkononi mwake. Ila mara nyingi utamkuta chini, juu ya gunia, na wenye vibanda vya mabati ni wanaume. Na usiku kijiji cha mama hupungua kabisa. Njia aliyopita mchana bila wasiwasi, saa mbili usiku haipiti. Hata choo kikiwa mbali na nyumba, mama mjamzito na binti hujibana mpaka asubuhi. Anayechimba choo afikirie hilo kabla ya kupima hatua.

VIJIJI VILIPOPANGWA UPYA

Wazee wanakumbuka miaka ya 1973 mpaka 1976, wakati wa Operesheni Vijiji. Watu waliokuwa wametawanyika waliletwa pamoja. Kufikia mwaka 1977 watu kama milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi katika vijiji vya Tanzania. Nyumba zilijengwa kwa mistari, mara nyingi kando ya barabara. Shabaha ilikuwa shule, zahanati na maji viwe karibu na watu.

Hatutaki kusema uongo kwa upande wowote. Mambo hayo mengine yalipatikana kweli. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1977, mabinti wengi waliingia darasani kwa sababu shule ilikuwa jirani. Mtoto wa kike haruhusiwi kirahisi kwenda shule ya mbali, lakini ya hapo tu huenda.

Upande wa pili ni huu. Nyumba zilisogea, mashamba hayakusogea. Shamba lililokuwa nyuma ya nyumba likawa mwendo wa saa moja au zaidi. Mama aliyekuwa akipalilia huku sufuria iko motoni na mtoto amelala kivulini, sasa ilimbidi achague moja. Mavuno yaliyokuwa yakibebwa hatua mia moja yakabebwa kilomita nyingi, kichwani. Na watu wengi wakikaa pamoja, kuni za karibu huisha upesi. Mwaka wa kwanza kuni ziko nyuma ya shule, baada ya miaka michache ziko mlimani.

Waliopima viwanja walikuwa na nia ya kuleta huduma karibu, na walipima barabara. Vijia havikupimwa. Tena mashamba yalipogawanywa upya, yaliandikwa kwa jina la mkuu wa kaya. Mkuu wa kaya ni nani? Katika daftari nyingi alikuwa ni mume. Mke alilima lile shamba miaka kumi, ishirini, na jina lake halipo kwenye karatasi yoyote.

MGENI ASIYEKWISHA UGENI

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mke huletwa na jembe lake siku ya kwanza, wala hangoji ya tatu. Lakini ugeni wake haumwishii. Alipokuwa kwa baba yake aliambiwa, "Wewe ni mtu wa kuondoka." Kwa hiyo shamba hakupewa. Akiolewa anaambiwa, "Wewe ni mtu wa kuja." Mume akifa, ndugu wa mume wanakaa kikao na yeye anaambiwa asubiri uani. Mtu aliyeijua kila mizizi ya shamba lile anangoja kuambiwa kama atalala pale kesho au atafunga mizigo.

Siyo kila mahali iko hivyo. Waluguru wa Morogoro, na Wamakonde na Wamwera wa kusini, tangu zamani hufuata ukoo wa mama. Huko ardhi hupita upande wa akina mama, na mume ndiye aliyekuwa akihamia kwao mke. Basi huko mgeni alikuwa ni mwanamume! Hata hivyo tusidanganyane kwamba mama wa huko alitawala kila kitu. Mara nyingi mwenye neno la mwisho alikuwa ni mjomba.

Kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, desturi ziliandikwa na serikali mwaka 1963. Zilipoandikwa, ziliganda. Maandishi yale yalimpa binti fungu dogo kuliko kaka zake. Yalisema ardhi ya ukoo aitumie lakini asiiuze. Mjane hakupewa fungu la mume iwapo marehemu ana ndugu, ila atunzwe na watoto wake. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga waliyapinga maandishi hayo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba yana ubaguzi, lakini ikakataa kuyafuta. Shauri lao likafika mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema wajane hao walinyimwa haki na kwamba sheria hizo zibadilishwe.

Kesi nyingine tunapenda isimuliwe kirefu, maana inahusu shamba hasa. Ni ya Bi Holaria Pastory, Mhaya wa mkoa wa Kagera. Baba yake alimwachia shamba kwa wosia. Bi Holaria alipokuwa mzee, na hana wa kumtunza, mwaka 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000. Aliyenunua hakuwa wa ukoo wao. Mtu wa ukoo wake akaenda mahakamani kusema mauzo ni batili, kwa sababu kwa desturi yao mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana na mtu huyo. Mahakama ya Wilaya ikakataa. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu, Mwanza.

Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu mwaka 1990. Alisema Katiba ya nchi inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya kuwa mwanamke. Kwa hiyo mwanamke anaweza kurithi ardhi ya ukoo na kuiuza kama vile mwanamume anavyoweza. Kama mtu wa ukoo analitaka shamba, alipe zile fedha alikomboe, sawa na ambavyo angefanya kama muuzaji angekuwa ndugu wa kiume.

Wengine walisema hukumu ile itamaliza koo. Koo zipo mpaka leo. Kilichopungua ni sababu ya kumwambia mzee wa kike kwamba shamba lake analo na hana.

Zipo sheria nyingine ambazo ni vizuri kila nyumba izijue. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba wanayoishi mume na mke haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kupangishwa wala kuwekwa rehani na mmoja wao bila ridhaa ya mwenzake. Hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja tu. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu la nyumba, kwa kuwa mahakama iliona mume alikwisha mpa fedha za kuanzia biashara naye akazitumia vibaya. Lakini neno lile lilibaki, na wake wengi waliokuja nyuma yake wamelitumia.

Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Hiyo inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi ni sawa na ya mwanamume. Desturi yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili.

Sheria ipo kitabuni, sawa. Kutoka kitabuni mpaka shambani ni mbali kuliko kisimani. Mjane hamwiti hakimu uani kwake. Anachohitaji ni jina lake lililoandikwa mapema, watu wakiwa hai na wamepatana.

MKUTANONI

Hapo tunafika kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Hakuna kadi, hakuna kuolewa, hakuna ukabila. Binti wa miaka 18 ni mjumbe sawa na babu yake. Kwa sheria mkutano huo ukae angalau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano huo kukubali. Kwa hiyo mkutano ndio unaochora ramani ya kijiji.

Sasa tutazame namna watu wanavyoketi. Mabenchi yako mbele, chini ya mti, na wanaume wameyajaza. Akina mama wako nyuma, wametandika kanga chini, watoto wanalia, mnyonyaji anahangaika. Mwenyekiti anauliza, "Jamani, mmesikia huko nyuma?" Wanajibu, "Tumesikia." Hawakusikia. Na hata waliosikia, kusimama kutoka nyuma na kusema mbele ya baba mkwe si jambo dogo. Pengine heshima inafungwa mdomoni, si kwamba mama hana la kusema.

Tazameni pia saa. Mkutano ukiitwa saa tatu asubuhi, mama yuko shambani au kisimani. Ukiitwa saa kumi na mbili jioni, yuko jikoni. Wanaopanga saa za darasa la kisomo wanalijua jambo hili siku nyingi. Wa kuulizwa ni akina mama wenyewe, siyo kukisia. Katika kijiji kimoja saa inayofaa ni nane mchana, kingine ni tisa. Mabenchi nayo si lazima yawe ya upande mmoja. Yakigawanywa kulia na kushoto, au watu wakiketi kwa duara, hakuna nyuma.

Sheria imejaribu kusaidia. Katika halmashauri ya kijiji, wanawake wasipungue robo ya wajumbe. Baraza la ardhi la kijiji, linalosuluhisha ugomvi wa mipaka na mashamba, lina watu saba, na watatu lazima wawe wanawake. Kamati inayohakiki mipaka ya mashamba haizidi watu tisa, na wanawake wasipungue wanne. Mjumbe mwanamke asiwe wa kuandaa chai tu. Kama kikao kinaamua wakati yeye yuko jikoni anapanga vikombe, hesabu ya sheria imetimia na ramani ni ile ile ya baba.

WAKATI WA KUPIMA MASHAMBA

Vijiji vingi vimeanza au vitaanza kupima mashamba na kutoa hati za hakimiliki ya kimila. Watu wa kamati huja shambani, hutembea mpakani, majirani wa pande zote husimama na kukubaliana. Siku hiyo mama asibaki nyumbani kupikia wapimaji. Aende mpakani. Mara nyingi yeye ndiye anayejua kwamba mnyaa ule ulipandwa mwaka wa njaa, na kwamba mkondo wa maji ulihama.

Mume na mke wanaweza kuomba hati pamoja, majina yote mawili yakaandikwa. Mwanamke asiye na mume, mjane au aliyeachika, anaweza kuomba kwa jina lake. Aliye na shamba alilopewa na baba yake anaweza kuliandikisha kama lake, hata kama ameolewa.

Kabla ya sahihi, soma. Tumejifunza kusoma kwa ajili ya siku kama hiyo. Tazama jina lako. Limeandikwa jina lako mwenyewe, au limeandikwa "mke wa" fulani? Tazama ukubwa wa shamba. Tazama majina ya majirani wa kila mpaka, mmoja mmoja. Pakiwa na nafasi iliyoachwa tupu, uliza itaandikwa nini na lini. Mtendaji akikuambia weka tu dole gumba kwa sababu gari linaondoka, mwombe kalamu.